Nukta mbili zilizofungua nyumba nzima

Juzi nilikuwa Mbulu mjini, nikaomba kompyuta kwenye ofisi moja nichape habari. Nikitafuta pa kuhifadhi kazi yangu, nikakuta orodha ya mishahara ya wafanyakazi wote, wazi kwa kila mashine ya mle ndani. Nilipomwonyesha mhusika akacheka: "Mdogo wangu, mbona nimeshea folda ya barua tu!" Kumbe alishea folda ya juu yake, na vyote vilivyomo vikafuata.

Kosa hili lina historia. Miaka ya 1980 IBM walibuni SMB, utaratibu wa kompyuta kusomeana mafaili kupitia mtandao. Microsoft wakauchukua. Mwaka 1992 Andrew Tridgell wa Australia akatoa programu ambayo baadaye iliitwa Samba, ili kompyuta za aina nyingine nazo ziongee lugha hiyo. Agosti 1995 ikaja Windows 95, na kushea folda kukafika hadi kwenye mashine za watu wa kawaida.

Kufika Oktoba mambo yakaharibika. Katika njia ya faili, nukta mbili maana yake ni "panda folda ya juu". Mgeni aliyeruhusiwa folda moja tu aliweza, kwa kutumia Samba, kutuma nukta hizo na kutoka nje ya folda ile, akatembea diski nzima. Microsoft walitoa kiraka, ila wakailaumu Samba kwamba inatuma amri haramu.

Hapo sikubaliani nao. Wazee wa Kiiraqw kule Kainam walichimba nyumba ubavuni mwa kilima na kuziezeka kwa udongo, wavamizi wa ng'ombe wasizione. Hawakungoja mwizi awe muungwana. Kompyuta yenye mafaili ndiyo inayopaswa kukagua njia anayoiomba mgeni.

Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye SMB hiyo hiyo, kwa tundu jingine, kikafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Kiraka kilikuwepo tangu Machi, wengi hawakukiweka.

Yule bwana tulikaa naye, tukaiondoa ruhusa ya "kila mtu", tukashea folda ya barua peke yake. Dakika tano tu. Wewe ofisini kwako umeshea folda ipi? Kaangalie leo, maana mshahara wa mtu ni siri yake.

Nawasilisha.