Walipotumwa wanafunzi kuwauliza wazee habari za Maji Maji

Kila Februari 27 Songea huwakumbuka mashujaa wa vita ya Maji Maji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na mwaka huu wa 2026 imetimia miaka 120. Siku kama hiyo jina la Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji ya dawa ya vita, halikosi kutajwa, wala Wamatumbi waliong'oa pamba ya mkoloni. Wasiotajwa ni waliokwenda kuzikusanya habari hizo kabla wazee hawajaisha.

Kazi hiyo ilifanywa na Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichokuwa bado kichanga. Kilianza mwaka 1961 katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Hadi 1970 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Ruzuku kubwa ilitoka kwa Rockefeller Foundation ya Marekani, ambayo pamoja na mengine iliwalipa mishahara wahadhiri vijana wa Afrika Mashariki waliorudi na shahada zao kabla nafasi za kudumu hazijapatikana. Ulikuwa mpango wa busara: kijana analipwa kwanza, anapewa darasa, utafiti unatoka humo.

Mkuu wa kwanza wa idara, Terence Ranger, alikuwa amefukuzwa Rhodesia kwa siasa zake. Isaria Kimambo na Arnold Temu walikuwa humo, na Walter Rodney, aliyepata shahada ya uzamivu akiwa na miaka 24, alipita pia. Lakini utafiti wa Maji Maji ulishikwa na wawili: John Iliffe, Mwingereza ambaye hakuwa ametimiza miaka 30, na Gilbert Gwassa, mtafiti kijana wa Kitanzania aliyekuwa akizunguka Umatumbi na Kilwa akiwahoji wazee.

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia walipelekwa kwenye wilaya zilizopigana vita ile. Ilikuwa miaka 63 baadaye. Aliyekuwa kijana mwaka 1905 sasa alikuwa mkongwe, na aliyekuwa mtoto alikuwa babu. Wanafunzi waliuliza pamba ililimwaje, nani alishika kiboko, maji yalifikaje kijijini na nani aliyaleta. Maandishi yao yakakusanywa na kurudufiwa chuoni mwaka 1969. Darasa na utafiti vilikuwa kitu kimoja, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza akawa mtu wa kutegemewa kuleta ushahidi ambao hata nyaraka za Berlin hazikuwa nao.

Kijitabu cha Gwassa na Iliffe cha mwaka 1968 ndicho kilichowapa Watanzania wengi habari za Kinjikitile kama zilivyosimuliwa na wenyeji: kwamba alichukuliwa na pepo Hongo akazama mtoni, ndugu zake wakamsubiri, na kesho yake akaibuka nguo zikiwa kavu. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein, naye kijana wa Mlimani, alitoa tamthilia yake ya Kinjeketile. Hesabu ya waliokufa nayo ilibadilika. Wajerumani walikiri 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Makadirio hayo leo yanarudiwa kila mahali, mara nyingi bila jina lake.

Ndipo ugomvi ukaja, na ulitoka kwa jirani. Mwaka 1970 wahadhiri wawili vijana wa Makerere, Donald Denoon na Adam Kuper, waliandika katika jarida la African Affairs kwamba wanahistoria wa Dar es Salaam ni wazalendo wanaolitafuta taifa. Kichwa chenyewe cha makala kilikuwa na kejeli. Hoja yao ni kwamba Mlimani walikuwa wanasoma historia kinyumenyume: wanaanzia TANU, kisha wanarudi nyuma kuitafutia mababu, na Maji Maji inafanywa babu mkubwa kuliko wote. Ilikuwa hoja ya hatari kidogo, maana Mwalimu Nyerere mwenyewe mwaka 1956, mbele ya Umoja wa Mataifa, aliieleza vita hiyo kuwa ya watu waliokataa kutawaliwa na wageni.

Ranger, wakati huo akiwa Marekani, alijibu mwaka 1971 katika jarida hilohilo, akikana kwamba wenzake walikuwa na msimamo mmoja. Mimi naona Makerere walikuwa na haki nusu. Utukuzaji wa taifa ulikuwepo katika mihadhara na vitabu. Lakini wazee waliohojiwa walizungumzia zaidi majumbe, viboko na malipo ya pamba yasiyoeleweka kuliko taifa, na ushahidi huo ulikuwa kwenye karatasi za wanafunzi kwa yeyote aliyetaka kuufungua. Hata Temu aligeuka: mwaka 1981, pamoja na Bonaventure Swai, alitoa kitabu kilichoishambulia historia ya aina ile kwa kusahau matabaka. Baadaye Thaddeus Sunseri akaonyesha Uzaramo ambako nguruwe mwitu, njaa na maisha ya wanawake vilikuwa na nafasi yake katika vita ile.

Miaka ya 1980 ukata uliingia vyuoni na safari za namna ile zikakauka. Siku hizi mhadhiri kijana anaandika andiko la mradi kwa lugha ya mfadhili, wa nje au tume ya taifa ya sayansi, COSTECH, akitaja matokeo kabla hajatoka ofisini. Wanafunzi wake huonekana kwenye bajeti, wakionekana, kama wajaza madodoso. Kulipia mwalimu na darasa lake waende kusikiliza, bila kujua watarudi na nini, ni jambo ambalo fomu nyingi hazina hata kisanduku chake.

Gwassa alikamilisha tasnifu yake mwaka 1973. Kitabu kilichotokana nayo kilichapishwa mwaka 2005, miaka 100 baada ya vita. Kilichapishwa Köln, Ujerumani.