Kisiwa cha Simeulue na Somo la Kuhifadhi Nafsi

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Wapo wanaosema kuwa ajali haina kinga, hivyo kujiandaa na maafa ni udhaifu wa imani. Sisi tunaona kauli hii yahitaji kusahihishwa, na historia ya Waislamu wa kisiwa cha Simeulue, magharibi ya Sumatra nchini Indonesia, inatosha kuwa funzo.

Januari 1907 kisiwa hicho kilitikiswa na tetemeko, kisha bahari ikapanda na kuua watu wengi. Waliosalimika walilipa jambo hilo jina, smong, wakawarithisha watoto na wajukuu kwa hadithi na nyimbo za kubembelezea: ardhi ikitikisika kwa nguvu, kisha bahari ikakupwa wakati usio wake, msingoje, kimbilieni mlimani.

Tarehe 26 Desemba 2004 (Dhul-Qaada 1425) bamba la ardhi lililobanana na jenzake chini ya bahari lilifyatuka, kwa tetemeko la ukubwa wa 9.1. Sakafu ya bahari iliinuka ghafla na kuyasukuma maji. Kaskazini ya Simeulue mawimbi yalifika kabla ya kutimia dakika 10. Hakuna king'ora ambacho kingewahi, lakini watu walikwishapanda milimani. Kati ya watu wapatao 78,000 walifariki 7 tu. Katika nchi kavu ya Aceh, ambako simulizi hiyo haikujulikana, walifariki wapatao 170,000.

Je, watu wa Aceh walikuwa na imani pungufu? Hasha! Mtume (S.A.W.) amewahesabu wafao kwa gharika miongoni mwa mashahidi. Tofauti ilikuwa ni elimu iliyohifadhiwa.

Na hii ndiyo njia ya Masahaba. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, alirejea na watu wake. Abu Ubayda (R.A.) alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, alimjibu kuwa wanaikimbia kadari moja kwenda kadari nyingine ya Allah. Basi kuchukua sababu ni sehemu ya kutawakali.

Mawimbi yale yalifika hata kwetu saa kadhaa baadaye: Somalia walifariki wapatao 300, na Kenya na Tanzania pia zilipoteza watu. Kwa hiyo imamu wa msikiti wa pwani na ajue njia ya kuelekea mahali pa juu, na awafundishe maamuma wake. Awaambie kuwa wimbi la kwanza huenda lisiwe kubwa kuliko yote, hivyo wasirejee mpaka watangaziwe usalama. Na tahadhari ikija watu wamo katika Sala, mafakihi wameruhusu kuikata hata Sala ya faradhi ili kuokoa nafsi. Sala italipwa, roho hairudi.

Wabillahi tawfiq.