Chanzo cha Mto Ruvuma, Milima ya Matogoro
Kijito hiki unachoweza kukiruka bila kulowa ndicho Ruvuma. Huelekea kwanza magharibi, hukata kusini, kisha hugeukia mashariki hadi Bahari ya Hindi, safari ya kilomita 800 hivi. Sehemu kubwa ya njia hiyo ni mpaka wetu na Msumbiji. Wajerumani na Wareno walikubaliana juu yake mwaka 1886, wenyeji hawakuulizwa.

Msitu huu wa miombo umehifadhiwa kwa sababu ya maji: mto Luhira, unaonywesha mji wa Songea, nao huanzia milima hii. Usiwashe moto, usikate mti. Matunda ya msuku yaliyodondoka huwa yameiva. Ya mtini bado machachu. Mvua ikinyesha njia huteleza, panda na fimbo.