Kengele ya Frere Town

Avukaye daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa hufika Kengeleni, na wengi hupita bila kujiuliza jina hilo limetoka wapi. Mwaka 1875 wamisionari wa C.M.S. waliwaweka Kisauni watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa, wakauita mji wao Frere Town. Kengele iliwaonya wavamizi walipokaribia. Miongoni mwa waliosaidia kufundisha ni Waafrika waliosomeshwa Nasik, Bara Hindi. Jumba la kumbukumbu la Krapf liko Rabai. Kengele ingali Kisauni. Mimi mwalimu huwaza hivi: mtoto aliyeuzwa kama bidhaa alifunzwa kuandika jina lake, nalo mara nyingi lilikuwa la ubatizo. Lile alilopewa na mamaye halikuandikwa.