Viti, Zege na Hesabu ya Watu: Kuhusu Kufutwa kwa Majukwaa ya Kusimama

Kila unapojengwa au kukarabatiwa uwanja wa mpira katika ukanda wetu, sifa ya kwanza kutangazwa ni idadi ya viti. Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 2007, unajulikana kwa viti vyake 60,000. Amaan ya Zanzibar ilipofunguliwa upya mwishoni mwa 2023, viti vilikuwa sehemu ya fahari yake. Sasa Tanzania, Kenya na Uganda zinajiandaa kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na jukwaa la zege tupu limekuwa kama jambo la kuonewa haya mbele ya wageni. Mtazamo huu umejengwa juu ya imani kwamba mtazamaji aliyeketi yu salama na aliyesimama yu hatarini. Imani hiyo haikuzuka hewani. Ina historia, na ina jaji aliyeiandika. Lakini mtu akiifuata historia hiyo hadi kwenye mageti, ngazi na vyeti vya usalama, ataona kuwa watu wengi waliokufa viwanjani waliuawa na uzembe wa kutowahesabu na kutowaachia njia. Kwa sababu hiyo ninapinga kufutwa kwa majukwaa ya kusimama kwa amri moja inayohusu viwanja vyote. Napinga zaidi desturi ya kununua viti kabla ya kurekebisha mageti.

Chanzo cha amri hiyo ni Uingereza. Tarehe 15 Aprili 1989, Liverpool na Nottingham Forest zilikutana Hillsborough, mjini Sheffield, katika nusu fainali ya Kombe la FA. Mashabiki 10,100 wa Liverpool wenye tiketi za kusimama walipangiwa kuingia kupitia vijigeti saba tu vya kupita mmoja mmoja upande wa Leppings Lane. Msongamano nje ulipotisha, polisi waliamuru lango kubwa la pembeni lifunguliwe, saa 8:52 mchana. Watu wapatao 2,000 waliingia na kufuata njia iliyokuwa wazi mbele yao, handaki fupi lililowapeleka moja kwa moja kwenye vizimba viwili vya katikati ambavyo tayari vilikuwa vimejaa. Vizimba vya pembeni vilikuwa na nafasi, ila hakuna aliyelifunga handaki wala kuwaelekeza watu huko. Mbele kulikuwa na uzio mrefu wa chuma uliowekwa kuzuia mashabiki wasivamie uwanja. Mchezo ulisimamishwa dakika sita baada ya kuanza. Waliofariki walikuwa 96, na mwaka 2021 akaongezeka wa 97, aliyekuwa ameishi na majeraha yake kwa miaka 32.

Undani wa hesabu za siku ile ndio ninaoutegemea katika hoja hii. Uchunguzi wa wataalamu ulionyesha kuwa vizimba vile viwili vilistahili kubeba watu wasiozidi 1,700 kwa pamoja, na kwamba mchezo ulipoanza vilikuwa na zaidi ya 3,000. Cheti cha usalama cha uwanja kilikuwa cha mwaka 1979 na hakikuwa kimerekebishwa ingawa jukwaa lilibadilishwa kwa kugawanywa vizimba. Mashine za getini zilihesabu walioingia kwenye jukwaa zima, wala hazikuwa na uwezo wa kujua kila kizimba kimepokea wangapi. Yaani palikuwa na takwimu ya jumla tu, na takwimu hiyo haikumsaidia hata mtu mmoja. Jaji Taylor, aliyeongoza uchunguzi wa maafa hayo, katika ripoti yake ya awali ya Agosti 1989, alitamka kwamba sababu kuu ilikuwa polisi kushindwa kudhibiti umati. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba marehemu waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mwenendo wa mashabiki haukuchangia maafa.

Hata hivyo ripoti ya mwisho ya Taylor, ya Januari 1990, ilipendekeza viwanja viwe vya viti pekee, na kuanzia Agosti 1994 klabu za madaraja mawili ya juu zikalazimika kutii. Taylor mwenyewe alikiri kwamba viti si dawa ya kila kitu; aliviona kuwa hatua moja inayosaidia kuliko nyingine yoyote. Alitoa mapendekezo 76, lakini kumbukumbu ya umma ikabaki na moja. Wanaotetea viti hutumia hoja nyepesi kueleweka: kabla ya viti watu walikufa, baada ya viti hawafi. Udhaifu wake ni kwamba mambo mengi yalibadilika kwa wakati mmoja. Uzio wa mbele uliondolewa. Idadi ya juu ya waliosimama ilishushwa kutoka watu 54 hadi 47 kwa kila mita 10 za mraba. Kiliundwa chombo cha kusimamia leseni za viwanja, kamera zikaongezwa, wasimamizi wa mashabiki wakafunzwa, na viwanja vingi vikajengwa upya. Mtu hawezi kuchukua matokeo ya hatua zote hizi akayaweka kwenye akaunti ya kiti peke yake. Zaidi ya hayo, mwaka 1992 serikali iliziondolea sharti hilo klabu za madaraja ya chini. Mashabiki wao wameendelea kusimama kwenye zege kwa zaidi ya miaka 30 bila Hillsborough ya pili, kwa kuwa sheria ya vyeti, vizuizi na hesabu iliwafuata hata huko. Ulinganisho wa namna hii, ndani ya nchi moja na chini ya sheria moja, ni nadra kupatikana katika mijadala ya sera, na inashangaza kwamba hautajwi mara kwa mara.

Visa vingine vya Uingereza vinaonyesha hivyo hivyo. Mwaka 1971 watu 66 walikufa Ibrox, Glasgow, na walikufa kwenye ngazi za kutokea wakati mchezo unamalizika. Mwaka 1985 moto uliua watu 56 Bradford. Ulianzia chini ya jukwaa la mbao lenye viti, kwenye takataka zilizorundikana kwa miaka, na wengi waliokimbilia nyuma walikuta njia za kutokea zimefungwa.

Afrika ina ushahidi wake, na ni mchungu. Tarehe 11 Aprili 2001, watu 43 walikufa Ellis Park, Johannesburg, katika mchezo wa Kaizer Chiefs na Orlando Pirates, baada ya umati wa nje kusukumana kuingia kwenye uwanja uliokwisha kujaa. Ulikuwa uwanja wa viti. Kabla mwezi haujaisha tangu siku hiyo, tarehe 9 Mei, polisi wa Accra waliwarushia mabomu ya machozi mashabiki waliokuwa waking'oa viti na kuvitupa. Watu zaidi ya 120 walikufa kwenye ngazi zilizoishia kwenye milango iliyofungwa. Januari 2022, wakati wa Kombe la Mataifa ya Afrika, watu wanane walikufa getini pa Olembe, Yaoundé, uwanja mpya uliojengwa kwa ajili ya mashindano hayohayo. Dar es Salaam nayo haikusalimika. Tarehe 28 Mei 2023, Yanga ilipoikaribisha USM Alger katika mkondo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho, mtu mmoja alifariki na wengine kadhaa wakajeruhiwa katika msongamano wa kuingia Uwanja wa Mkapa. Viti 60,000 vilikuwa ndani. Hatari ilikuwa nje.

Je, basi kiti hakina faida yoyote? Kinayo, na anayepinga amri ya viti asipoitaja anajidanganya. Kiti ni mashine ya kuhesabu. Mahali penye viti 500 vyenye namba, tiketi ya 501 haina pa kwenda, na msimamizi anaona kwa macho kama safu imejaa. Pia kiti hupunguza msongo: katika mita 10 za mraba hukaa watu karibu 30, wakati zege lenye kibali hupokea 47. Umati ukizidi watu watano au sita kwa kila mita moja ya mraba, mtu hapotezi nafasi tu, hupoteza uwezo wa kuamua aelekee wapi. Mwili unabebwa na mawimbi ya watu, na vifua vinabanwa hadi pumzi inakatika huku mtu bado amesimama wima. Lakini faida ya kuhesabu inategemea namba iliyo kwenye tiketi kuheshimiwa. Katika michezo yetu mingi, tiketi ya mzunguko humpa mtu haki ya kuingia, si haki ya kiti fulani. Anayewahi ndiye anayekaa, na wanaochelewa husimama kwenye ngazi. Hapo plastiki imenunuliwa, na mashine ya kuhesabu haikuwashwa. Agosti 2025, wakati wa michuano ya CHAN, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) liliamuru watazamaji wa Uwanja wa Kasarani, Nairobi, wapunguzwe hadi 27,000 baada ya watu wasio na tiketi kuvunja mageti. Uwanja ule haukuwa na upungufu wa viti.

Na kinyume chake kinawezekana: mahali pa kusimama panaweza kuhesabiwa kama kiti. Ujerumani haikuacha majukwaa ya kusimama. Jukwaa la kusini la Borussia Dortmund hubeba watu takriban 25,000 kwenye ligi. Mfumo ulioenea katika viwanja vingi ni wa vyuma vya kiunoni kwenye kila safu, na viti vinavyokunjwa na kufungwa. Kila tiketi inaweza kupewa mahali pake, na chuma kinazuia wimbi la watu lisiporomoke safu hadi safu. Celtic ya Scotland iliufuata mwaka 2016. Uingereza yenyewe ilianza majaribio Januari 2022 katika klabu tano, na miezi michache baadaye ikaruhusu klabu nyingine zenye sifa kuomba kibali, kwa sharti la mtu mmoja kwa kila nafasi. Sababu mojawapo ilikuwa ya kiusalama kabisa. Mashabiki walikuwa wakisimama mchezo mzima mbele ya viti vilivyowafika magotini, na bao likifungwa walipinduka juu ya migongo ya viti. Nchi iliyoandika amri ya viti imekiri, kwa kitendo, kwamba kiti asichokikalia mtu ni kikwazo.

Zipo pingamizi nzito zaidi ya takwimu. Ya kwanza ni kwamba jukwaa la kusimama huwafukuza wazee, watoto, wajawazito na wenye ulemavu. Ingekuwa kweli kama pendekezo lingekuwa uwanja mzima usimame. Ninachotetea ni sehemu ya uwanja, kwa anayeichagua, na viti vya kutosha kwa wengine. Ya pili ni kwamba kusimama huzaa fujo. Desemba 2024, katika mchezo wa Simba na CS Sfaxien pale Mkapa, viti zaidi ya 250 viling'olewa na baadhi vikawa silaha, kwa hiyo sioni jinsi plastiki inavyotuliza hasira. Ya tatu ndiyo inayonipa taabu: baadhi ya familia za Hillsborough zilipinga kwa miaka mingi kurudishwa kwa kusimama, na mtu mwenye heshima hawezi kulipuuza hilo. Lakini msiba hauwezi kuheshimiwa kwa kuusingizia sababu isiyo yake. Familia hizo zilipigania miongo karibu mitatu ukweli kuhusu lango, handaki na polisi, na ukweli huo haukuhusu viti.

Kuna pia suala la nani analipa. Taylor alitaja mfano wa Ibrox, ambako kiti kiliuzwa pauni 6 na kusimama pauni 4, akiamini kwamba pengo lingebaki dogo. Bei zilikuja kupanda mno, na jukwaa maarufu la Kop la Liverpool, ambako watu walisimama kwa mara ya mwisho tarehe 30 Aprili 1994, likabaki na nafasi zipatazo 12,000, pungufu ya umati wake wa zamani. Viti havikuwa sababu pekee ya bei hizo, lakini vilipunguza nafasi za wenye kipato kidogo. Kwetu swali ni kali zaidi. Jukwaa la zege la mkoani likiwekewa viti litapoteza zaidi ya theluthi moja ya nafasi zake. Klabu itapandisha kiingilio cha mzunguko au itakosa mapato, na wasiomudu watapanda miti na kuta zinazozunguka uwanja, ambako hakuna anayewahesabu.

Kwa mashindano ya kimataifa kanuni za CAF na FIFA hazina mjadala: viti vitahitajika, na viwanja vya 2027 vitavipata. Kosa litakuwa kuichukua kanuni hiyo kama kipimo cha viwanja vyote vya ligi. Kwa uwanja wa mkoani wenye watu 10,000, fedha za kwanza ziende kwenye mageti ya kutosha yanayohesabu kwa kila sehemu na vizuizi vya chuma vinavyovunja shinikizo. Ziende pia kwenye milango inayofunguka kwa nje na isiyofungwa kwa kufuli mchezo ukiendelea, na kwenye cheti cha usalama kinachokaguliwa upya kila jukwaa linapobadilishwa. Idadi ya juu ya kila sehemu ibandikwe getini ili hata shabiki aione. Na awepo ofisa mmoja anayejulikana kwa jina, mwenye mamlaka ya kulifunga geti la sehemu iliyojaa na kuchelewesha filimbi ya kuanza mchezo, hata kama mgeni rasmi ameshaketi.