Shamba la Guka Linauzwa: Kabla Ulie, Jua Lilikuja Vipi

Watu wangu, mmeziona hizo picha zinazozunguka kwa simu? Boma la ng'ombe wa maziwa, nyumba ya mbao ya kitambo, nyasi kijani mpaka macho yachoke, halafu chini imeandikwa "Linauzwa, familia iko tayari kuongea." Shamba liko Kinangop, Nyandarua. Vizazi vitatu vimekamua hapo. Majina siyatoi, kwanza familia bado inavutana, pili hadithi hii si yao peke yao. Ni ya nusu ya watu mnaosoma hapa.

Wengi wamekasirika. "Urithi wa guka hauuzwi!" Sawa. Lakini tukirudi nyuma kidogo, tutaona hilo shamba limeshawahi kuuzwa. Guka mwenyewe alikuwa mnunuzi.

Zamani kabisa Wamaasai walilisha ng'ombe wao pande hizo. Mwaka 1904 Waingereza wakawawekea mkataba wa kuwahamisha kutoka Bonde la Ufa. Hapo hakukuwa na tangazo wala bei. Walowezi wakaja, wakaleta ng'ombe wa Frisiani na Eshaya, na mwaka 1925 wakaanzisha KCC kule Naivasha ili wauze maziwa yao pamoja. Mwafrika alikuwa ndani ya mashamba hayo, ndiyo, lakini kama mfanyakazi. Alikamua, akabeba mitungi, akafagia boma. Kumiliki ardhi pale hakuruhusiwa. Hata kufuga ng'ombe wa gredi kwake nyumbani, mlango ulianza kufunguka vizuri baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954.

Uhuru ulipokaribia, walowezi wengi wakataka kuuza waondoke. Mwaka 1962 ukaanza mpango wa ekari milioni moja. Serikali ilinunua mashamba yao, ikayakata, ikawapa Waafrika. Takribani familia 35,000 zilipata makao hivyo. Sasa shika hapa: pesa nyingi ya kununua ilitoka Uingereza na Benki ya Dunia kama mkopo, na mkopo huo ukashushwa mpaka kwa mkulima. Muda wa kulipia shamba ulikuwa miaka 30. Yaani guka alipewa ardhi iliyonyang'anywa watu, kisha akaambiwa ailipie.

Na ililipwa na nini? Maziwa. Gari la maziwa lilipita asubuhi, mtungi ukachukuliwa, mwisho wa mwezi deni likakatwa kwanza, kilichobaki kikawa karo ya shule. Na aliyekamua mara nyingi hakuwa guka. Alikuwa shosho, anaamka kukiwa bado giza, mikono ndani ya maji baridi ya Kinangop. Lakini hati ikaandikwa jina la guka peke yake. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Halafu ikaja miaka ya 1990. Soko la maziwa likafunguliwa 1992, kampuni binafsi zikaingia, na KCC ikaanza kuyumba. Wakulima walipeleka maziwa, malipo hayakuja. Wengine waliuza ng'ombe, wengine wakahamia viazi. Serikali ilikuja kuifufua mwaka 2003 kama New KCC. Familia yetu ilivumilia yote hayo na ng'ombe wakabaki.

Leo guka hayuko. Shosho yuko, mzee sana. Watoto ni sita. Watano wako Nairobi na ng'ambo, kitinda mimba alibaki na ng'ombe. Shamba ni ekari 30, kwa hivyo ukigawa kila mtu apate yake ni ekari 5. Kwa ekari 5 huwezi kulisha ng'ombe waliozoea 30, na ukianza kununua chakula chote dukani faida inaliwa na ng'ombe wenyewe. Ndiyo maana watano wanasema tuuze lote, na mmoja anasema mnaniuza na mimi.

Mimi siwezi kuwaambia kuuza ni laana. Ila kuna mambo matatu.

Moja, hati ikiwa bado kwa jina la marehemu, hakuna anayeweza kuuza mpaka mahakama itoe idhini ya kusimamia mirathi. Na shamba la kilimo lazima lipite kwa bodi ya ardhi, la sivyo mauzo hayatambuliki. Ukiona dalali anakuharakisha, kimbia.

Mbili, unauza shamba la maziwa au unauza ploti? Mnunuzi anayechukua ng'ombe, boma na nafasi ya kupeleka maziwa kwa ushirika ataendeleza kazi. Anayetaka kukata vipande 50 kwa 100 atavuta bei juu, lakini mwaka ujao hapo ni mawe ya mipaka. Familia ina haki ya kuchagua, na pia inaweza kukodisha badala ya kuuza.

Tatu, na hili ndilo linaniuma. Kabla ya kugawa kwa sita, hesabuni kazi. Shosho alilipa deni hilo kwa mikono yake. Kitinda mimba amekamua wakati wengine wanasoma kwa pesa ya maziwa hayohayo. Wakipata sawa na yule anayekuja Krismasi kupiga picha na ndama, hiyo si usawa.

Kinangop imebadilisha wenyewe mara kadhaa, na kila mara karatasi ilitambua mtu mwingine, si yule anayekamua. Hii familia bado haijaweka sahihi. Ina nafasi ya kufanya tofauti.

Kwenu shamba liko kwa jina la nani? Na nani anaamka kukamua? Niambieni hapo chini, bila matusi.