Joka la Inchi 21

Anaconda niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa darasa la tatu, Tandika, kwenye banda la mabati lenye mabenchi saba na televisheni moja ya inchi 21. Kiingilio kilikuwa shilingi hamsini, na sisi watoto tulikaa chini kabisa mbele, shingo juu kama vifaranga. Joka lilipochomoza majini, banda zima lilirudi nyuma kwa pamoja. Kuna mtu alinikanyaga kidole na kovu ninalo mpaka leo.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nasoma shahada ya pili, nikaitafuta ile filamu na kuiangalia kwenye laptop, kwa Kiingereza chake. Sikuogopa hata kidogo. Joka ni kama mpira wa bomba la maji uliopakwa mafuta, na kuna sehemu maporomoko ya maji yanapanda juu badala ya kushuka, kwa sababu walirudisha picha kinyumenyume wakidhani hatutaona. Na hiyo si filamu ya bei rahisi. Ilitoka mwaka 1997 kwa bajeti ya dola milioni 45 hivi. Sasa basi, lile joka nililoliona Tandika lilikwenda wapi?

Nimelifuata swali hili kwa muda, na naona jibu lake ni historia ya teknolojia ambayo haijaandikwa vya kutosha. Twende taratibu.

Tuanze na hesabu. Televisheni ya inchi 21 ina upana wa sentimita 43 hivi. Joka la kwenye filamu linadaiwa kuwa na mita 12. Ukilibana lote kwenye kioo, unapata kiumbe kifupi kuliko kenge anayekatiza mtaro wa Mto Msimbazi. Kwa hiyo ukubwa wa dubwana haupo kwenye kioo. Ni lazima utengenezwe kwa njia nyingine, na historia ya filamu za mijusi na majoka ya kutisha ni historia ya watu wasio na hela wakitafuta njia hiyo.

Njia ya zamani kabisa ilikuwa kumtumia mjusi mwenyewe. Mwaka 1959 huko Texas walitengeneza The Giant Gila Monster kwa kumwachia mjusi halisi atembee katikati ya magari ya kuchezea. Mwaka uliofuata, filamu ya The Lost World ilichukua kenge na mamba, ikawagundisha mapembe na mapezi, ikawaita dainosari. Kenge! Yule yule anayekimbizwa na mbwa kule Yombo. Kwa kigezo hicho Temeke nzima ilikuwa studio, ila hakuna aliyetuambia.

Wajapani walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1954, Eiji Tsuburaya, fundi wa picha za Godzilla, alitaka dubwana lake lisogezwe picha moja moja kama King Kong, lakini kazi hiyo ingechukua miaka. Akamvalisha mwigizaji, Haruo Nakajima, vazi zito la mpira, akamtembeza kwenye mji wa mfano uliojengwa kwa kipimo cha 1 kwa 25. Godzilla wa mita 50 akawa mtu wa mita 2.

Hapa fizikia inaingia, na naomba usikimbie. Kitu kikianguka kutoka mita 50 kinachukua sekunde 3.2 hivi kufika chini. Kutoka mita 2 kinachukua sekunde 0.64. Yaani ghorofa la mfano linaanguka haraka mara tano kuliko ghorofa la kweli, na jicho lako, hata kama hujasoma fizikia, linajua limedanganywa. Dawa yake ni kupiga picha nyingi zaidi kwa sekunde, kisha kuzionyesha kwa mwendo wa kawaida. Ghorofa la mfano linaanguka polepole, moshi unapanda polepole, na ghafla unaamini. Kanuni ni kipeo cha pili: ukipunguza umbo mara 25, unaongeza kasi ya kamera mara 5. Badala ya picha 24 kwa sekunde unapiga 120. Kamera za sinema za filamu ziliweza kukimbizwa kuliko kawaida.

Kamera za video za nyumbani hazikuweza. Na hapo ndipo mambo ya Dar es Salaam yanapoanza kueleweka.

Filamu za Kiswahili za video zilipoanza kushamiri mwanzoni mwa miaka ya 2000, watengenezaji wake wa Kinondoni, Temeke na Magomeni walikuwa na kamera za kanda zenye mwendo mmoja tu: picha 25 kwa sekunde, basi. Ukipunguza mwendo wakati wa kuhariri, kompyuta inarudia picha zile zile na dubwana linatembea kwa kukwamakwama kama daladala yenye gia mbovu. Kwa hiyo mji wa mfano, ambao ungejengwa kwa maboksi na gundi kwa hela ya kula siku mbili, haukuwa na faida yoyote. Watu husema Bongo hatukutengeneza dubwana kubwa kwa sababu hatukuwa na fedha. Mimi nasema hata fedha ya maboksi ilikuwepo. Kilichokosekana ni zile picha 95 za ziada kila sekunde.

Wao walifanya nini? Walitengeneza cha kutisha chenye ukubwa wa mtu. Mussa Banzi alitoa Nsyuka mwaka 2003, halafu Shumileta mwaka 2005, ambayo ni hadithi ya jini la kike. Mzuka na jini hawahitaji mji wa mfano. Wanahitaji vipodozi, kinyago, taa kutoka chini ya kidevu, na ule ujanja wa kusimamisha kamera mtu akatoka kisha ukaendelea, akawa "ametoweka". Ni ujanja wenye umri wa zaidi ya karne, na bado unafanya kazi. Wanaijeria walikuwa wameonyesha njia: Nneka the Pretty Serpent ya Zeb Ejiro, ya mwaka 1994, ilikuwa na nyoka aliyejificha ndani ya msichana mrembo. Wahindi nao walikuwa na mikanda yao ya nyoka anayegeuka binti, kama Nagina ya mwaka 1986. Ukiwa na nyoka anayeweza kuwa mwanamke, asilimia tisini ya filamu unampiga picha mwanamke. Ni uchumi mzuri sana.

Lakini lile joka lenyewe, lenye mita zake zote, sisi tulilipata kwa mkanda kutoka nje. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, na majumba makubwa ya sinema yalikuwa mjini. Huku pembeni tulikuwa na banda la video, kibanda umiza, deki moja na kanda zilizonakiliwa kutoka kwenye nakala ya nakala. Filamu ziligeuka ukungu. Na zilikuwa kwa Kiingereza, au Kichina, au Kihindi.

Ndipo akatokea mtafsiri.

Jina kubwa kuliko yote ni Kapteni Derek Mukandala, ambaye jiji zima lilimjua kama Lufufu. Lufufu alichukua filamu ya kigeni, akapunguza sauti yake, akaweka ya kwake juu. Aliwatafsiria wahusika, lakini hakuishia hapo: alieleza, alitabiri, alimsema steringi akifanya ujinga, alimtukana adui, alikumbusha methali. Hata Titanic aliizamisha kwa Kiswahili. Baada yake wakaja wengi, na Kenya wakawa na DJ Afro wao. Mtafiti Matthias Krings wa Mainz, Ujerumani, aliyewaandikia hawa watu kwa heshima wanayostahili, aliifananisha kazi yao na kugeuza wali kuwa pilau.

Banda letu la Tandika halikuwa na Lufufu. Lilikuwa na kijana mmoja na kipaza sauti kilichofungwa kwa utepe mweusi. Na nakumbuka vizuri alichokifanya, kwa sababu sasa ninakielewa. Kabla joka halijatokea, alituambia likinyooshwa linatoka geti la soko mpaka kituo cha daladala. Alitupa kipimo! Kile ambacho Tsuburaya alikitafuta kwa vazi la mpira na kamera ya kasi, yeye alikipata kwa kutaja sehemu mbili tunazozijua. Halafu akanyamaza. Kioo kilikuwa cheusi cheusi, maji tu. Tukawa tunalijenga joka wenyewe, kila mtu kwa kiwango cha woga wake.

Kuna jambo lilinifurahisha nilipolisoma. Kwenye Anaconda yenyewe, ile milio ya nyoka ni ya binadamu: Frank Welker, msanii wa sauti wa Marekani. Nyoka hana kamba za sauti. Anachoweza ni kutoa pumzi kwa nguvu. Kwa hiyo hata Hollywood, pamoja na majoka ya mashine na kompyuta, mwishowe walimwita mtu na kipaza sauti. Yule kijana wa Tandika na Welker walikuwa kazi moja.

Sayansi ya majoka hayo ilikuwa mbovu, tukubaliane. Mwendelezo wa mwaka 2004 uliwapeleka anakonda Borneo, wakati anakonda ni wa Amerika Kusini tu. Halafu kuna tatizo la umbo: ukirefusha nyoka mara mbili bila kubadilisha uwiano wake, uzito unaongezeka mara nane, huku nguvu ya misuli, inayotegemea unene wa mkato wake, ikiongezeka mara nne tu. Si kwamba joka kubwa haliwezekani. Titanoboa, aliyetangazwa mwaka 2009 kutokana na mifupa ya Kolombia, alikadiriwa kuwa na mita 13 na uzito wa zaidi ya tani moja. Lakini aliishi miaka kama milioni 58 hadi 60 iliyopita, kwenye joto kuliko letu la Februari, na hakuwa anarukaruka juu ya maboti.

Na reptilia wakubwa wa kweli tulikuwa nao hapa hapa. Mwaka 2010 watafiti, akiwemo Mtanzania Jackson Njau, walimtangaza mamba wa kale wa Olduvai mwenye pembe, wakampa jina Crocodylus anthropophagus, mla watu, kwa kuwa mifupa ya jamaa zetu wa kale pale Olduvai ina alama za meno ya mamba. Yule brakiosari mwenye shingo ndefu wa Jurassic Park ya mwaka 1993 naye alichorwa kwa kutegemea sana mifupa ya Tendaguru, Lindi. Wajerumani waliichimba kati ya 1909 na 1913, zaidi ya tani 200 zikabebwa na wapagazi hadi pwani. Msimamizi wa kazi pale alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyejua mifupa kuliko wengi waliokuwa na shahada. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 2007 ndipo dainosari mmoja apewe jina lake, Australodocus bohetii.

Nimemtaja Boheti makusudi. Karibu miaka mia moja kwa mtu wa Lindi kuandikwa kwenye kazi aliyoifanya. Wa kwenye mabanda sijui watasubiri mingapi, maana kazi zao zina tatizo la ziada: zimerekodiwa juu ya mali ya mtu mwingine. Tangu sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, kanda ya Lufufu ni vitu viwili kwa pamoja, sanaa simulizi ya Kiswahili na nakala isiyo halali. Maktaba gani itaipokea? Na mkanda wa sumaku hausubiri majadiliano. Unyevu wa Dar unaila gundi inayoshikilia chembe za sumaku, fangasi nao wanaweka maua meupe pembeni.

Uganda wana kisa kinachoonyesha mambo yangeweza kwenda vingine. Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, akaifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kazi iliyofuata. Nakala iliyobaki duniani ni ile iliyowekewa sauti ya msimuliaji, VJ Emmie. Leo watu wa Ulaya na Marekani wanaicheka na kuipenda hivyo hivyo, sauti yake ikiwa juu ya risasi.

Mwaka jana mjomba alinipa sanduku la kanda zilizokuwa juu ya kabati, Mbagala. Deki nimeiazima kwa fundi. Kanda ya tatu haikuwa na lebo. Picha ilikuwa chenga tupu, kijivu kinachocheza, mara mstari mmoja wa kijani unapita. Lakini kwenye kanda za VHS sauti ya kawaida huandikwa kwenye ukingo na husomwa na kichwa chake chenyewe kilichotulia, tofauti na vichwa vya picha vinavyozunguka. Picha ikifa, sauti inaweza kubaki. Ikabaki. Mwanamume nisiyemtambua alikuwa akieleza kwa sauti ya chini kwamba boti imezimika, usiku umeingia, na kitu fulani kimegusa ubao wa chini. Fundi aliacha bisibisi, akavuta stuli. Tukakaa pale tunaangalia chenga, tunasubiri litokee.